Vibandiko vya Kung'arisha Meno na Mabaka ya Kahawia

Tuseme kwamba katika darasa moja la sekondari huko Kigera, mkoani Mara, wanafunzi wawili wameketi kwenye dawati moja. Wa kwanza alizaliwa na kulelewa kando ya Ziwa Victoria, akanywa maji ya ziwa tangu utoto wake; meno yake yana rangi ya manjano hafifu, kama yalivyo ya watu wengi wanywao chai. Wa pili alifika Kigera akiwa na umri wa miaka 9, baada ya kulelewa mbali na ziwa katika kijiji kilichotegemea kisima kirefu. Meno yake ya mbele yana mabaka meupe kama chokaa na mistari ya kahawia, naye akicheka huziba kinywa kwa kiganja. Wote wawili wamesikia kwamba kuna vibandiko viuzwavyo madukani, ambavyo mtu hujibandika juu ya meno kwa nusu saa akiwa nyumbani kwake, na baada ya majuma mawili meno huwa meupe. Wote wawili wanauliza swali lile lile: je, ni kweli?

Jibu la sayansi kwa mwanafunzi wa kwanza silo jibu la mwanafunzi wa pili. Ili kuielewa tofauti hiyo, hatuna budi kuanza na jino lenyewe.

Rangi ya jino hutoka wapi?

Sehemu ya jino ionekanayo kinywani ina matabaka mawili magumu. La nje ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Karibu enameli yote ni fuwele za kalsiamu na fosfeti, ambazo wanakemia huziandika Ca10(PO4)6(OH)2. Chini yake kuna dentini, ambayo si ngumu kiasi hicho na ambayo ina asili ya umanjano. Katikati kabisa kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hiyo ndiyo iumayo jino likioza.

Enameli iliyo nzima hupitisha mwanga kwa kiasi, mfano wa kioo chenye ukungu. Kwa hiyo rangi tuionayo tumtazamapo mtu akitabasamu ni mchanganyiko wa weupe wa enameli na umanjano wa dentini iliyo nyuma yake. Hapa pana kosa ambalo watu wengi hulifanya. Wao hudhani kwamba jino lenye umanjano ni jino chafu, kumbe mara nyingi ni jino safi lenye afya. Kadiri mtu anavyozidi kuwa mzee enameli yake huzidi kulika na dentini huzidi kuwa nene, na hivyo meno huzidi kuwa ya manjano hata kama mtu huyo hupiga mswaki kila siku.

Rangi nyingine hutoka nje: chai, kahawa, tumbaku, tambuu. Chembe za rangi za vitu hivyo hushika kwanza kwenye utando ulio juu ya jino, na baadaye baadhi yake hupenya ndani ya enameli. Zilizo juu tu huondolewa kwa mswaki wa dukani au wa mti, au kwa kusafishwa na daktari. Zilizokwisha kupenya hazifikiwi na mswaki, na hapo ndipo ilipoingia kemia.

Kilichomo ndani ya kibandiko

Kibandiko ni kipande cha plastiki chembamba sana kilichopakwa ute mzito wenye haidrojeni peroksaidi. Mwalimu wa kemia hahitaji kuelezwa habari za kitu hiki, kwani ndicho tukitumiacho maabara, pamoja na manganizi dayoksaidi, kutengenezea oksijeni. Molekuli yake ni H2O2, yaani maji yenye atomu moja ya oksijeni iliyozidi. Atomu hiyo haikai imara. Hutafuta kitu cha kuungana nacho. Ikikutana na molekuli ya rangi huivunja vifungo vyake vya kaboni, na molekuli iliyovunjika haifyonzi tena mwanga kama ilivyokuwa ikifanya mwanzo. Kwa maneno mengine, rangi haikuoshwa ikaondoka: imebadilishwa ikawa kitu kisicho na rangi.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Chukua chai ya rangi iliyopoa, uizimue kwa maji, kisha uigawe sawasawa katika neli mbili za majaribio. Ya kwanza itie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile iuzwayo katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, na ya pili itie maji ya kawaida kwa kiasi kile kile. Ziache mpaka kesho yake, kisha zilinganishe mbele ya karatasi nyeupe. Kinachotendeka katika neli ya kwanza ndicho kitendekacho ndani ya jino, isipokuwa katika jino peroksaidi inabidi kwanza ipenye enameli. Molekuli yake ni ndogo mno, kwa hiyo hupenya bila taabu. Katika muda wa dakika chache huwa imefika kwenye dentini, na kiasi fulani hufika hata kwenye nyama ya ndani. Msomaji akumbuke neno hili, kwa maana ndilo litakaloeleza maumivu tutakayoyataja punde.

Njia ya kung'arisha meno nyumbani ilielezwa na madaktari wa Marekani, Haywood na Heymann, mwaka 1989. Wao walitumia kifuniko cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno ya mgonjwa, kikavaliwa usiku. Vibandiko vilikuja baadaye. Vya Crest Whitestrips vilianza kuuzwa katika maduka ya Marekani mwaka 2001, na tangu hapo makampuni mengi yameiga.

Mwanafunzi wa kwanza atarajie nini?

Kwa kawaida maagizo ya vibandiko husema hivi: meno yakaushwe kidogo, kibandiko kikandamizwe juu ya meno ya mbele bila kugusa ufizi kwa kadiri iwezekanavyo, kikae nusu saa hivi mara moja au mbili kwa siku, na mwendo huo uendelee kwa siku 10 hadi 14. Muda huo mtu hali chakula. Mate yana vimeng'enya vinavyoivunja peroksaidi upesi sana, kama kipande cha ini kinavyofanya katika majaribio ya biolojia, na hiyo ndiyo sababu ya kuiweka chini ya plastiki badala ya kuipaka tu.

Mwenye meno ya manjano yaliyo mazima ataona mabadiliko baada ya siku chache. Meno hayatakuwa meupe kama karatasi. Yatakuwa meupe kuliko yalivyokuwa, na baada ya matibabu kwisha yatarudi nyuma kidogo. Weupe uliobaki hudumu miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka au zaidi, kutegemea chai na tumbaku. Jino lililozibwa au lililovikwa kofia ya bandia halibadiliki hata kidogo, kwa hiyo aliye na kizibo kwenye jino la mbele aweza kujikuta na doa ambalo hapo awali halikuonekana.

Maumivu hutokea kwa watu wengi. Jino hushtuka likiguswa na maji baridi au hewa, hasa katika siku za mwanzo, kwa sababu ile tuliyoitaja: peroksaidi imefika karibu na mishipa ya fahamu. Ufizi nao waweza kuchomeka na kuwa mweupe mahali ulipoguswa. Mara nyingi hali hizi hupoa zenyewe siku chache baada ya mtu kuacha. Lakini aliye na jino lililooza, lililopasuka, au ambalo ufizi wake umeshuka na kuacha shina wazi, asijaribu kabla ya kumwona daktari wa meno, kwani huko dawa hupata njia ya mkato.

Kuna jambo la umri pia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, bidhaa za kung'arisha meno zenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hazikuruhusiwa kuuzwa holela. Zile za kufikia asilimia 6 zilitakiwa zipite kwa daktari wa meno, wala zisitumiwe kwa aliye chini ya miaka 18. Nyama ya ndani ya jino la kijana ni kubwa na iko karibu zaidi na uso wa jino. Wanafunzi wengi wa sekondari wako chini ya umri huo. Ushauri wetu ni kwamba wasubiri, na kwamba pakiti isiyoonyesha kiasi cha peroksaidi wala tarehe ya mwisho wa matumizi isinunuliwe na mtu wa umri wowote. Zaidi ya hayo, peroksaidi huharibiwa na joto. Kibandiko kilichokaa miezi mingi katika kibanda cha bati chaweza kuwa kipande cha plastiki tu, na mnunuzi akapoteza fedha yake bure.

Mwanafunzi wa pili

Mabaka ya mwanafunzi wa pili hayakutokana na chai. Yalianza kabla meno yenyewe hayajatokeza kinywani.

Meno ya mbele ya ukubwani, yale yaotayo mtu akiwa na miaka 6 au 7, hutengenezwa ndani ya taya tangu mtoto angali mchanga. Chembe hai za enameli kwanza hujenga kiunzi cha protini. Kisha protini hiyo huondolewa kidogo kidogo na nafasi yake huchukuliwa na fuwele ngumu. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka hiyo, kazi ya kuiondoa protini huvurugika. Fuwele hazijai vizuri. Enameli hubaki na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hasa chini kidogo ya uso wake. Mwanga ukiingia humo hutawanyika badala ya kupita, na ndiyo maana jino huota likiwa na weupe wa chokaa. Ukahawia huja baadaye, pale vitundu vinapofyonza rangi za vyakula na vinywaji. Palipoathirika sana enameli huvunjika na kuacha mashimo.

Floraidi si sumu kwa kila kipimo. Ikiwa kidogo huimarisha fuwele za enameli, kwa kuchukua nafasi ya OH katika ile fomula tuliyoiandika, na hivyo hulikinga jino lisioze. Ndiyo sababu hutiwa katika dawa za meno. Mwanafunzi wa pili hana haja ya kuogopa dawa hiyo, maana meno yake yamekwisha kujengwa. Mtoto mdogo ambaye angali anaimeza ndiye apakiwe kidogo sana kwenye mswaki.

Uchunguzi wa jambo hili una historia ndefu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alitumia miaka 30 akitafuta chanzo chake. Mwaka 1931 mwanakemia H. V. Churchill alipima maji ya miji iliyoathirika, akagundua floraidi. Katika nchi yetu, Grech na Latham waliandika mwaka 1964 juu ya floraidi katika mkoa wa kaskazini wa Tanganyika, ambako si meno tu bali mifupa pia iliathirika. Na mwaka 1978 Thylstrup na Fejerskov kutoka Denmark walitoa kipimo cha kupanga ukali wa mabaka haya, kuanzia 0 mpaka 9, ambacho hutumiwa na madaktari duniani kote. Kipimo hicho walikijenga kwa kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania. Ni heshima ya ajabu kidogo kwa nchi, lakini ndivyo ilivyo.

Mlima Meru na Bonde la Ufa ndiko kwenye sifa mbaya zaidi, na Maji ya Chai, karibu na Arusha, hutajwa katika vitabu vya nchi nyingi. Hata hivyo Mara nao umo katika orodha ya mikoa yenye visima vya floraidi nyingi, pamoja na Shinyanga, Singida, Manyara na Kilimanjaro. Maji ya chini ya ardhi hukaa miaka mingi yakigusana na miamba, nayo huyeyusha madini yaliyomo. Visima viwili vilivyo karibu vyaweza kutofautiana sana. Maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo, na maji ya mvua karibu hayana kabisa. Hapo ndipo ulipo mtihani wa mkazi wa Mara: maji ya ziwa yasipochemshwa au kutiwa dawa yaweza kumletea kipindupindu, na kisima kirefu kilichochimbwa ili kumwokoa na kipindupindu kikaweza kuyatia mabaka meno ya mwanawe.

Je, vibandiko vitamsaidia?

Vitamsaidia kidogo, na kwa namna asiyoitazamia. Ukahawia ulio ndani ya vitundu ni rangi, na peroksaidi huweza kuufifisha. Wenye mabaka hafifu huridhika mara nyingine. Lakini weupe wa chokaa si rangi. Ni umbo la enameli lenyewe, na hakuna oksijeni iwezayo kujaza vitundu. Katika siku za mwanzo, sehemu nzima za jino zinapokauka na kubadilika, mabaka meupe yaweza hata kuonekana zaidi kuliko kwanza. Mtumiaji asiyejua hilo hudhani ameharibu meno yake, au, vibaya zaidi, huongeza muda na idadi ya vibandiko. Mashimo nayo hubaki mashimo.

Daktari wa kinywa na meno ana njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 madaktari wamekuwa wakiusugua uso wa enameli kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na unga laini wa jiwe, wakiondoa tabaka jembamba lenye ukahawia. Kazi hii hufanywa na mtaalamu tu, ufizi ukiwa umezibwa. Ipo pia njia ya kujaza vitundu kwa utomvu wa plastiki wenye uwazi, iliyoanza kuenea tangu mwaka 2009 hivi, na kwa meno yaliyoathirika sana kuna kuyafunika kwa kizibo chenye rangi ya jino. Mara nyingi daktari huanza na njia ndogo kabisa, kisha hutazama kama yatosha. Njia hizi si rahisi kupatikana vijijini, na hatutaki kumdanganya msomaji kwamba zapatikana kila zahanati.

Kwa kukosa njia hizo, vijana hujitibu. Husugua meno kwa mchanga, mkaa uliosagwa au limao. Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5, na pH ya maji ya limao hukaribia 2. Jino lenye vitundu huliwa upesi kuliko jino zima. Anayesugua kwa limao leo huona weupe kwa sababu tabaka la juu limeondoka. Baada ya miaka michache huiona dentini, ambayo ni ya manjano, na maji baridi yakawa adui yake.

Wala tusisahau kwamba uzuri wa jino ni desturi. Wazanaki wa Butiama walikuwa na mila ya kuchonga meno ya mbele yawe na ncha, na Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa na meno yaliyochongwa hivyo. Aliongea na mabaraza ya dunia nzima kwa meno hayo hayo. Hatusemi hivi ili kudharau uchungu wa mwanafunzi azibaye kinywa. Uchungu huo ni wa kweli, na mwalimu amwonaye mwanafunzi anakaa kimya darasani afikirie kwamba huenda si uzembe.

Wadogo zake

Kama mwanafunzi wa pili ana wadogo zake walio chini ya miaka 8, na hasa chini ya 5, kwao bado kuna la kufanya, tena kubwa kuliko lile liwezalo kufanywa na kibandiko chochote.

La kwanza ni kujua kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Chukua lita 3 za maji yenye miligramu 2 kwa lita, uyachemshe mpaka zibaki lita 2. Miligramu 6 zilizokuwamo zimo bado, na sasa kila lita ina miligramu 3. Kuchemsha kwa ajili ya vijidudu kuendelee, ila sufuria ifunikwe.

La pili ni magadi. Watu wengi hulainishia maharage, makande na mboga kwa magadi ya sokoni, na baadhi ya magadi hayo yamepimwa yakakutwa na floraidi nyingi sana, kwa kiasi kinachobadilika toka fungu moja hadi jingine. Mkoani Kilimanjaro watafiti walipata watoto wenye mabaka makali mahali ambapo maji ya kunywa karibu hayakuwa na floraidi, na magadi yakashukiwa kuwa moja ya sababu. Kuloweka maharage usiku kucha hulainisha vilevile.

La tatu ni maji yenyewe. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania mwaka 1974 iliruhusu kwa muda miligramu 8, kwa kuwa bila hivyo vijiji vingi vingefungiwa visima bila kupewa kingine. Kikomo kilishushwa baadaye hadi 4, na mwaka 2018 kikafanywa 1.5. Palipo na kisima kilichozidi, familia yaweza kumtengea mtoto mdogo maji ya mvua, au ya ziwa yaliyochemshwa, kwa kunywa na kwa uji, huku maji ya kisima yakitumika kufulia na kuoshea. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wametengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Mkaa huo hubadilishwa kila baada ya muda kwa sababu huchoka.

Maji ya kisima hayatambulikani kwa rangi wala kwa ladha. Hupimwa katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, na shule yenye kisima yaweza kupeleka sampuli. Chupa iwe ya plastiki, wala si ya kioo. Isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, ijazwe, ifungwe, na iandikwe jina la kisima, kijiji na tarehe.